Skrubu Mbili Zinazoweza Kuua Injini: Kusetisha Kabureta ya Chensoo na Mashine ya Kupulizia

Kijana mmoja wa upande wa Kwaluguru alitupigia simu tukiwa hewani. Alikuwa amenunua chensoo ya mkononi kwa mkopo wa kikoba. Mashine ilifanya kazi vizuri miezi mitatu, kisha ikaanza kutoa moshi na kula mafuta. Akaipeleka kwa jirani anayejua pikipiki. Jirani akachukua bisibisi, akakaza skrubu moja ya kabureta, na mara moshi ukaisha. Mashine ikalia kwa sauti kali, nyepesi, na kijana akafurahi. Siku ya pili, akiwa katikati ya gogo, injini ilizimika ghafla. Alipovuta kamba haikuvutika. Pistoni ilikuwa imekamata ndani ya silinda.

Alituuliza: "Ndugu mtangazaji, mtu anaweza kuua injini kwa kuzungusha skrubu tu?"

Jibu letu ni ndiyo. Muda wa kipindi haukutosha kueleza vizuri, na simu zilizofuata zilikuwa nyingi, kutoka Kabuku, Mkata, Magoma hadi Mombo. Ndiyo maana tumeandika maelezo haya. Unaweza kuyasoma taratibu kwenye simu yako na kuyarudia ukiwa na mashine mbele yako.

INJINI ILEILE, KUTOKA PORINI HADI ANGANI

Baadhi yenu mmeona kwenye simu video za ndege za mfano, zile kubwa ambazo mabawa yake hufika mita mbili au tatu, zinazoongozwa na mtu aliyesimama chini na rimoti. Msikilizaji mmoja alituuliza zinatumia injini ya aina gani. Zile kubwa nyingi hutumia injini ya petroli ya viharusi viwili, ndugu wa karibu kabisa wa injini ya chensoo. Warukaji wa mwanzo wa ndege hizo huko Marekani na Ulaya walichukua injini za misumeno na mashine za kukatia majani, wakafunga pangaboi badala ya mnyororo. Leo kuna viwanda vinavyotengeneza injini za ndege hizo tu, za cc 20, cc 55 na hata zaidi ya cc 100, lakini kabureta yake mara nyingi ni ileile iliyo kwenye chensoo. Nyingi zina jina la Walbro, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1950.

Sababu ya kutumia kabureta moja ni rahisi. Kabureta ya pikipiki ina bakuli lenye petroli na boya linaloelea. Ukiigeuza kichwa chini, petroli inamwagika. Mkata mbao huinamisha chensoo pembeni akikata shina, na ndege hujigeuza tumbo juu. Kwa hiyo zote mbili zinahitaji kabureta isiyo na bakuli. Badala ya boya, ndani yake kuna vipande vya mpira mwembamba, ambavyo mafundi huviita daiframu. Pumzi ya injini yenyewe huvitikisa, navyo huvuta petroli kutoka kwenye tangi na kuipima, hata mashine ikiwa imelala ubavu.

Tunalitaja jambo la ndege kwa sababu wenzetu wale wana somo zuri la kutufundisha. Injini ya ndege ikikamata angani, ndege inaanguka na kuvunjika vipandevipande. Hivyo wamejifunza kuisetisha kwa uangalifu mkubwa, na utaratibu wao unafaa kabisa kwa chensoo yako ya Sindeni au mashine yako ya kupulizia mikorosho. Tukumbushane tu: kurusha ndege isiyo na rubani hapa nchini kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Na kukata mti kuna Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Pitia ofisi ya kijiji na ya misitu kabla hujawasha.

KWA NINI SKRUBU INAUA

Hapa ndipo penye siri yote, na ukishika hapa mengine yatakuwa mepesi.

Injini ya bodaboda ni ya viharusi vinne. Oili yake inakaa chini kwenye injini na ina kazi yake peke yake. Injini ya viharusi viwili haina mahali pa kuwekea oili. Oili inachanganywa na petroli ndani ya tangi, na kila tone la petroli linaloingia ndilo linalobeba oili ya kulainisha pistoni, ringi na beringi.

Sasa fikiria. Ukikaza skrubu ili petroli iingie kidogo, umepunguza vitu viwili kwa mkono mmoja: umepunguza petroli, na umepunguza oili. Zaidi ya hapo, petroli inayoingia pia husaidia kupooza injini. Kwa hiyo mchanganyiko ukiwa mwepesi, yaani hewa nyingi na petroli kidogo, injini inachemsha wakati uleule inapokosa ulainisho. Pistoni inavimba kwa joto, inasuguana na silinda kavu, na mwisho inakamata.

Kibaya ni kwamba injini hiyo inayoelekea kufa husikika vizuri. Inalia kwa sauti ya juu, haina moshi, inaitikia resi haraka. Ndiyo iliyomdanganya kijana wetu. Mchanganyiko ukiwa mzito, yaani petroli nyingi, injini inatoa moshi, inachelewa kuitikia, inachafua plagi na kutema mafuta kwenye ekzosi. Inaudhi, lakini haiui haraka. Kati ya makosa hayo mawili, afadhali uwe upande wa mzito kidogo.

KABLA YA KUSHIKA BISIBISI

Mafundi tuliozungumza nao wanakubaliana kwamba mashine nyingi zinazoletwa "zisetishwe" hazina tatizo la skrubu kabisa. Kagua mambo haya kwanza.

Kwanza, mchanganyiko wa petroli na oili. Tumia oili ya 2T, si oili ya gari wala oili chafu iliyomwagwa gereji. Soma kitabu cha mashine au maandishi kwenye mfuniko wa tangi. Ukiona 50:1, maana yake kila lita moja ya petroli inataka oili mililita 20. Ukiona 40:1, ni mililita 25. Ukiona 25:1, ni mililita 40. Wengi wetu tunanunua petroli kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu. Kwa chupa hiyo, 50:1 ni mililita 30, na 25:1 ni mililita 60. Kipimo rahisi ni bomba jipya la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa. Toa sindano, litenge kwa kazi hiyo tu, na uliweke mbali na watoto. Usipime kwa kifuniko cha chupa wala kwa jicho.

Tunasema haya kwa uchungu. Sisi wenyewe tuliwahi kwenda kijijini kurekodi kipindi tukiwa na kijenereta kidogo cha viharusi viwili. Petroli ilipoisha, mmoja wetu akaongeza petroli tupu akidhani oili ipo ndani kama kwenye pikipiki. Kijenereta kililia vizuri kabisa, dakika chache, kisha kimya. Mahojiano yaliisha kwa kurekodiwa kwa simu ya mkononi, na kijenereta hakikuwaka tena.

Pili, umri wa petroli. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi mmoja usiutumie. Petroli ya zamani huacha utando unaoziba njia za kabureta na kuifanya daiframu iwe ngumu. Petroli yenye maji au mafuta ya taa nayo itakupotezea siku nzima.

Tatu, chujio la hewa. Vumbi la Handeni wakati wa kiangazi tunalijua wote, na unga wa mbao ni mbaya zaidi. Chujio likiziba, hewa inapungua na mchanganyiko unakuwa mzito. Ukisetisha injini ikiwa na chujio chafu, kisha kesho ukalisafisha, hewa itaongezeka ghafla na mchanganyiko utakuwa mwepesi kuliko ulivyokusudia. Safisha kwanza, setisha baadaye.

Nne, chujio la petroli lililo ndani ya tangi, na tundu la pumzi la tangi. Mashine ikiwaka dakika chache kisha ikazima, legeza mfuniko wa tangi. Ukisikia hewa inaingia kwa sauti ya "fsss" na mashine ikawaka tena, tundu la pumzi limeziba. Skrubu hazina kosa.

Tano, plagi na ekzosi. Plagi iwe safi na ya namba inayotakiwa. Ekzosi iliyojaa masizi inabana injini, na hakuna skrubu itakayoizibua.

SKRUBU NI ZIPI

Kwenye kabureta nyingi za aina hii utaona skrubu tatu. Mbili zimekaa karibu karibu, zimeandikwa L na H. Ya tatu iko peke yake, huandikwa T, LA au S kutegemea kampuni.

L inapima petroli wakati injini iko kwenye sailensi na resi inapoanza kupanda. H inapima petroli resi ikiwa ya juu. Ile ya tatu haipimi petroli. Inasukuma kilango cha hewa tu, ili sailensi iwe juu au chini.

Ukizungusha L au H kwenda kulia, yaani kukaza, petroli inapungua. Ukizungusha kwenda kushoto, yaani kulegeza, petroli inaongezeka. Ninyi mliozoea pikipiki kuweni makini hapa. Kwenye baadhi ya pikipiki skrubu iliyo pembeni ni ya hewa, si ya petroli, na ile huenda kinyume: kuikaza kunaongeza uzito wa mchanganyiko. Anayebeba mazoea ya kule kuja huku anaweza kuharibu bila kujua.

Mashine nyingine mpya hazina skrubu hizi, zinajirekebisha zenyewe kwa umeme, na nyingine zina vifuniko vya plastiki vinavyozuia kuzungusha mbali. Baadhi ya mashine za kupulizia zina kabureta ya bakuli yenye jeti isiyorekebishika. Ukikuta hivyo, usichonge wala usilazimishe.

Kabla ya kugusa chochote, piga picha kwa simu. Picha ya karibu ionyeshe mstari wa kila skrubu umeelekea wapi. Kisha kaza kila skrubu polepole ukihesabu mizunguko mpaka iguse mwisho, na uandike: mmoja, mmoja na robo, na kadhalika. Neno "iguse" tunalisisitiza. Ncha ya skrubu ni nyembamba kama sindano, na ukiibana kwa nguvu inaharibika pamoja na kiti chake. Baada ya hapo kabureta haisetishiki tena.

Ukishaandika, rudisha skrubu mahali pa kuanzia. Kitabu cha mashine ndicho kinachotawala. Kama huna kitabu, kwa kabureta nyingi mzunguko mmoja kutoka mwisho, kwa L na kwa H, unatosha kuwasha injini. Hapo ni mahali pa kuanzia tu.

HATUA KWA HATUA

Weka mashine chini mahali peupe, mbali na watoto, na usisetishe ndani ya nyumba kwa sababu ya moshi. Chensoo iwe na bao na mnyororo wake, na mnyororo usiguse ardhi. Kwa warukaji wa ndege kuna sheria moja: injini ikiwa inawaka, skrubu zinashikwa ukiwa nyuma ya pangaboi, si mbele wala ubavuni mwake. Kwa chensoo, sheria ni kwamba mkono usipite karibu na mnyororo hata ukiwa umesimama.

Washa injini na uiache ipate joto dakika tatu hadi tano, ukiipa resi kidogo kidogo. Injini baridi inadanganya. Choki iwe imefunguliwa kabisa.

Anza na L. Injini ikiwa kwenye sailensi, kaza L polepole, kiasi cha nusu ya robo ya mzunguko kwa wakati mmoja. Kama hesabu hiyo inakuchanganya, fikiria uso wa saa ya ukutani: robo ni dakika 15, nusu ya robo ni kama dakika 7. Subiri sekunde chache kila unapozungusha. Resi itapanda kidogo, kisha itafika mahali itaanza kushuka au kuyumba. Pale ilipokuwa juu kabisa, pakumbuke. Sasa legeza L kutoka pale kwa nusu ya robo hadi robo moja. Umeacha akiba ya petroli.

Piga resi ghafla. Injini ikisita kana kwamba imekabwa, kisha ndiyo ipande, L bado ni nyepesi. Ilegeze kidogo. Ikipanda kwa kugugumia huku ikitoa moshi, L ni nzito. Ikaze kidogo. Inatakiwa iitike mara moja.

Kisha sailensi. Zungusha ile skrubu ya tatu mpaka injini itulie bila kuzima. Kwa chensoo kuna kipimo kimoja tu kisicho na mjadala: kwenye sailensi mnyororo usizunguke hata kidogo. Ukizunguka, punguza. Ukipunguza na bado unazunguka, huenda springi za klachi zimechoka, na mashine hiyo isiende kazini.

Sasa H, iliyomuumiza kijana wetu. Anza upande wa mzito. Toa breki ya mnyororo, kwa sababu kupiga resi ya juu huku breki imefungwa kunaunguza klachi. Shika mashine kwa mikono miwili, piga resi yote kwa sekunde tatu au nne tu, na usikilize. Sauti itakuwa nzito, ya kugugumia, kama inakatikakatika haraka haraka. Hiyo ni petroli ya ziada, na ni sauti nzuri. Achia resi. Kaza H nusu ya robo, jaribu tena. Endelea hivyo mpaka kugugumia kuwe kidogo tu.

Hapo simama. Usitafute ile sauti safi kali ukiwa unapiga resi hewani. Chukua gogo, kata. Injini ikiingia kwenye mti na kubeba mzigo, kugugumia kunatakiwa kuishe na sauti iwe safi. Ukitoa msumeno kwenye mti, kugugumia kurudi. Ikigugumia hata ndani ya mti, H ni nzito, kaza kidogo. Isipogugumia kabisa nje ya mti, H ni nyepesi, legeza mara moja.

Kuna mtego. Baadhi ya mashine za kisasa zina kifaa cha kuzuia resi isipite kiwango, nacho hukata cheche na kutoa sauti inayofanana na kugugumia. Mtu anadhani ni petroli nyingi, anaendelea kukaza. Kama unakaza na sauti haibadiliki, rudisha ulipotoka na umtafute fundi mwenye kipima resi.

Mashine ya kupulizia haina wakati wa kuwa bila mzigo, maana feni yake inasukuma hewa muda wote. Kama ina skrubu ya H, tafuta pale inapolia juu zaidi kwa resi yote, kisha legeza mpaka usikie resi imeshuka kidogo tu, na uiache hapo. Warukaji wa ndege hufanya vivyo hivyo, halafu huinua pua ya ndege juu kwa sekunde kama kumi injini ikiwa kwenye resi yote. Resi ikishuka ndege ikiwa imeinuliwa, wanajua petroli haitoshi, wanalegeza. Nawe jaribu mashine ikiwa mgongoni, ukiinama na kusimama kama unavyofanya shambani, kabla ya kutia dawa.

Mwisho rudi kwenye L na sailensi, kwa kuwa skrubu hizi zinaathiriana.

PLAGI INASEMA UKWELI

Fanya kazi dakika chache kwa mzigo, kisha zima injini ikiwa bado kwenye resi ya juu. Iache ipoe, fungua plagi, tazama ncha yake. Ikiwa ya rangi ya kahawia, kama chai ya maziwa, uko vizuri. Ikiwa nyeusi na yenye unyevu, mchanganyiko ni mzito au oili imezidi. Ikiwa nyeupe iliyokauka kama jivu, usiwashe tena mpaka ulegeze H na kutafuta sababu.

Kuna dalili moja ambayo skrubu haiwezi kuitibu. Ukiachia resi na injini inachelewa kushuka, inaning'inia juu, au kila siku inataka kusetishwa upya, huenda hewa inaingia mahali pasipostahili. Inaweza kuwa mpira wa kabureta uliopasuka, gasketi iliyolegea au sili za shafti zilizochakaa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa ni wa kweli. Zima mashine na upeleke kwa fundi.

KOROGWE NA LUSHOTO SI HEWA MOJA

Jambo hili wengi hawalijui, nasi mkoani kwetu linatuhusu kuliko sehemu nyingi. Korogwe mjini ni kama mita 300 tu juu ya usawa wa bahari. Ukipanda kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto mjini unafika karibu mita 1,400. Hewa ya juu ni nyembamba. Kwa tofauti hiyo, injini inapata hewa pungufu kwa zaidi ya sehemu moja katika kila kumi.

Mkata mbao wa Korogwe akipanda na chensoo yake Lushoto, petroli ni ileile na hewa imepungua. Mchanganyiko unakuwa mzito. Mashine itatoa moshi na kukosa nguvu. Ataudhika, atakaza H kidogo, na hapo hajakosea.

Hatari ipo kwenye safari ya kurudi. Akishuka Mombo na skrubu zile zile alizokaza mlimani, hewa inakuwa nene, petroli haitoshi, na kwa joto la bondeni injini inachemsha. Anaweza kuua mashine asubuhi ya kwanza. Vivyo hivyo kwa anayenunua mashine iliyotumika kutoka milimani: isetishe upya kabla ya kuipa kazi. Kanuni yake ni fupi: ukipanda unaweza kusubiri, ukishuka legeza kwanza.

SIMU YAKO NI SEHEMU YA VIFAA

Mashine ikiwa mpya au imetoka kwa fundi mzuri, rekodi sauti yake kwa simu: sailensi, kupanda kwa resi, resi ya juu, na ikiwa ndani ya gogo. Hifadhi sauti hiyo pamoja na picha ya skrubu. Miezi sita baadaye ukiona inalia tofauti, sikiliza ile ya zamani. Sikio husahau, simu haisahau. Unaweza pia kumtumia fundi aliye mbali asikie kabla hujapanda gari.

Tukirudi kwa kijana wetu: fundi alifungua injini, akakuta michirizi mirefu upande wa ekzosi wa pistoni, dalili ya joto na ukavu. Silinda na pistoni vilibadilishwa. Ilipochunguzwa zaidi, chujio lake la hewa lilikuwa limejaa unga wa mbao. Ule moshi wa mwanzo haukutokana na skrubu hata kidogo. Ilikuwa kazi ya kulisafisha chujio kwa dakika kumi, na mkopo wa kikoba bado anaulipa.

Alituambia tuieleze habari yake ili wengine wasipite njia hiyo, nasi tumetimiza. Kama una mashine nyumbani, fungua chujio lake leo jioni, hata kama inawaka vizuri. Na kama kuna hatua hapa haijaeleweka, tupigie kipindi kikiwa hewani. Tutakuwa na fundi studioni, na mashine yenyewe mezani, ila tunaahidi hatutaiwasha humo ndani.